Mguu wa Kushoto

Kadra alilisikia gari kabla hajaliona, na roho ikamruka.

Alikuwa jikoni kwa mama yake, amekaa juu ya kigoda, anapepeta mchele wa wageni. Garsen ina magari yake, na aliyezaliwa pale huyajua kwa masikio tu: malori ya ng'ombe, mabasi ya Lamu, na pikipiki za vijana, ambazo ndizo usiseme. Hili halikuwa la Garsen. Lilikuja polepole likinguruma chini kwa chini, kama mtu mzima anayezuia hasira, likapinda kwenye njia ya kwao na kunyamaza nje ya ua.

“Usiniambie amekuja nalo,” alisema.

“Amekuja na nini?” aliuliza mama yake, Abdia, bila kuinua macho kutoka kwenye kibuyu cha samli.

“Lile gari, Mama.”

“Ulitaka aje juu ya punda?”

Kadra hakucheka. Aliuweka ungo chini. Siku nyingine yoyote Fumo, mposaji wake, angekuja na chochote apendacho, hata huyo punda. Lakini leo ndiyo siku ambayo baba yake, Mzee Dukicha, alikubali kuwasikiliza watu wa Kipini, jamaa zake Fumo, baada ya kuwakataa kwa miezi mingi. Na alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima: nitawasikiliza mara moja, sitarudia. Buni za kahawa walizoleta zikikubaliwa, zitakaangwa kwa samli hapa hapa jikoni, zipasuke, zitafunwe na watu wa pande zote mbili, na Kadra awe ameposwa. Zikirudishwa, yamekwisha. Kwa Waorma, watu wa kina Kadra, buni zilizorudishwa haziletwi tena, hata mposaji awe mtoto wa nani.

Na katika siku kama hiyo, kijana anakuja na gari la mbio hadi mlangoni kwa mzee ambaye mwanawe wa kiume wa pekee alifia ndani ya gari la mbio. Mapenzi ni upofu, sawa, lakini huyu naye alikuwa amezidi.

Alimvizia Fumo nyuma ya ua, kwenye pipa la maji, alipokwenda kutawadha. Haikuwa adabu binti anayeposwa kuonana na mposaji siku hiyo, na Kadra alilijua hilo tangu utotoni. Alitazama huku, akatazama kule, kisha akauvuta mtandio wake na kutoka.

Fumo alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, mikono ya kanzu ameikunja. Alipomwona akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na Kadra akahisi hasira zake zikitaka kumkimbia. Akazikamata.

“Mashallah, Kadra. Umependeza.”

“Nimependeza nini, nina pumba za mchele hadi puani. Fumo, hilo gari linafanya nini kwa baba yangu?”

“Tajiri wangu ndiye aliyenipa. Alisema, nenda ukapose kwa heshima. Nami jana nilikuwa kazini mpaka usiku. Ningengoja basi, ningefika kesho.”

“Ungefika kesho.”

“Kadra...”

“Ungefika hata keshokutwa, kwa miguu! Abba akiliona gari hilo anamwona Mukhtar. Mimi nikilisikia namwona Mukhtar. Kwani hulijui hilo?”

Fumo aliliweka chini kopo la maji. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

“Nalijua. Ndiyo maana nimeliendesha kama nimebeba mayai. Karibu na Minjila nimepitwa na lori la mawe, utingo akanipungia mkono.”

“Na lonchi?”

“Sijaigusa tangu siku ile.”

“Apa.”

“Niliapa, Kadra.”

“Apa tena.”

Jicho likakutana na jicho, na kila mmoja akasahau kwamba walikuwa wakijificha. “Wallahi,” alisema Fumo. “Mguu wangu huu wa kushoto hautaiachia breki ile namna ile tena. Si kwa tajiri, si kwa mashindano, si kwa mtu yeyote. Umetosheka?”

“Nimetosheka,” alisema Kadra, na alidanganya.

Asiyeyajua magari haya asione haya. Kadra naye hakuyajua kwa kuyaendesha, aliyajua kwa machungu. Gari la otomatiki halina klachi. Lina breki na mafuta, basi, hata mtoto anaweza kuliendesha. Lakini yale ya mbio yana kitu ambacho vijana hukiita lonchi. Unaliweka gari kwenye hali ya mbio. Mguu wa kushoto unakandamiza breki kwa nguvu zako zote, wa kulia unakanyaga mafuta hadi sakafuni. Gari linalia, linatetemeka, lakini haliendi. Kompyuta yake imezizuia nguvu zote pale pale. Kisha unauinua mguu wa kushoto mara moja, na gari linachomoka hata shingo yako inabaki nyuma. Kaka yake Mukhtar alikuwa akimweleza hayo kila wakila, sahani ikiwa ndiyo gari na kijiko ndicho dereva. Alikufa kwenye barabara ya Witu, ndani ya gari la rafiki yake, lilipochomoka hivyo juu ya mchanga uliopeperushwa na upepo kwenye lami.

Mwaka mmoja baadaye Fumo alisimamisha gari la tajiri wake mbele ya duka la Kadra la dawa za mifugo, kuomba maji. Alipewa maji na matusi kwa pamoja. Badala ya kwenda zake, alirudi wiki iliyofuata akanunua dawa ya minyoo ya mbuzi. Akarudi tena kununua nyingine. Mtu wa Kipini, kwao wavuvi na wauza nguo, hana hata mkia wa mbuzi! Aliporudi mara ya tatu Kadra alimwuliza hao mbuzi wana minyoo gani isiyokufa, wakacheka hadi wateja wakageuka. Siku Kadra alipomsimulia habari za Mukhtar, Fumo aliapa kwamba hataigusa tena lonchi, bila ya kuombwa.

“Nenda,” Kadra alimwambia sasa. “Wanakwenda kuswali. Na ukizungumza na Abba, usimtazame usoni sana. Na usimkatalie jambo. Siku ya buni mkwe hakataliwi.”

“Hakataliwi lolote?”

“Lolote.”

Maneno hayo alikuja kuyajutia kabla mchele haujaiva.

Baada ya adhuhuri wazee wengine walibaki barazani mwa msikiti. Mzee Dukicha alirudi na Fumo peke yake. Kadra aliwaona kupitia mlango wa jikoni, baba yake mbele na fimbo yake, Fumo nyuma ameinamisha kichwa. Hawakuingia ndani. Walikwenda moja kwa moja kwenye gari. Mzee akalizunguka taratibu kama anavyomzunguka fahali mnadani, akainama kutazama magurudumu, akaligonga boneti kwa vidole.

“Mama, wanazungumza nini pale?”

“Nijue wapi? Ya wanaume. Njoo unishikie sufuria hii, samli isimwagike.”

Akashika sufuria. Alipotoka tena, pale nje ya ua palikuwa patupu.

Nchi ile ni tambarare. Mfugaji humwona ng'ombe wake akiondoka asubuhi, na akitaka humwona hadi jioni. Kwa hiyo Kadra hakuhangaika kulitafuta. Lilikuwa limesimama katikati ya lami, mahali barabara inaponyooka, pua imeelekea mbugani. Vioo vyake vilikuwa vyeusi. Hapakuwa na gari lingine, wala ng'ombe, wala mtu.

Halafu likaanza kulia.

Aliijua sauti ile. Injini inapanda, inapanda, inafika juu na kukaa huko huko ikipiga kelele, na gari halisogei. Kadra aliushika mwimo wa mlango.

“Hapana,” alisema. “Hapana, hapana, Fumo.”

Gari likaruka kidogo mbele, likaguna, likainamisha pua na kusimama. Kimya.

“Anaifanya, Mama! Anaifanya, na Abba yumo ndani!”

“Anafanya nini?”

“Kilichomuua Mukhtar!”

Abdia alitoka na mwiko mkononi, akatazama barabarani, akatazama uso wa binti yake. Hakujua lipi la kuogopa zaidi.

Kadra hakuweza kusimama mahali pamoja. Ameapa kwa jina la Mungu, kwenye pipa la maji, na maji aliyotawadhia hata hayajakauka! Kumbe hata kiapo cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo. Kumbe hata mbuzi, na vicheko, na simu za kila siku. Leo anamfurahisha baba yangu kwa mchezo uliomuua kaka yangu, nami nimekaa kumkaangia buni. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Bunda la buni lilikuwa kando ya meko, limefungwa kwenye kitambaa cheupe, likingojea neno la mzee. Akaliokota.

“Kadra, weka chini hicho!”

Hakuweka. Alivuka ua hadi kwenye kibanda cha wageni, alikokaa Mwanasha, shangazi yake Fumo, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Mwanasha alikuwa mwanamke mnene wa haiba, hina mpya miguuni, anajipepea kwa ncha ya leso.

“Ndoo, mwanangu, ukae nami,” alisema kwa Kiswahili chake cha Kipini. “Na mato hayo yalia nini siku kama yeo?”

Kadra akaliweka bunda mapajani mwake.

“N'ni hii?”

“Buni zenu, shangazi. Sizitaki.”

Leso iliacha kupepea. “Ni neno la babako hilo?”

“Ni langu.”

“La nani?”

“Langu mimi. Mwambie Fumo, mwanamume asiyeweza kulinda neno lake tangu adhana hadi wakati wa chakula, mimi siwezi kuzeeka naye.”

Binti kurudisha buni kwa mkono wake mwenyewe! Jambo hilo halikuwahi kusikika, si Garsen, si Bangale. Mwanasha hakupiga kelele. Alilitazama bunda, akalifunga kwenye pembe ya leso yake kwa fundo gumu, akaanza kutafuta viatu vyake.

“Basi,” alisema. “Yamekwisha, nisemeje. Hatukuya kupigwa mawe.”

“Kadra, umeniua!” Abdia alikuwa amefika nyuma yake, amejipiga paja. “Baba yako atasema nini? Umeniua mimi!”

Gari likalia tena.

Safari hii lililia kwa muda mrefu zaidi, sauti moja kali iliyotanda mbuga nzima hata korongo wakaruka kwenye majaruba. Kadra na mama yake waligeuka. Kisha likachomoka. Kadra hakuwa amewahi kuliona kwa macho yake, alikuwa ameliona kwa sahani na kijiko tu. Gari lilikuwa hapa, halafu likawa kule, na kati ya hapa na kule hapakuwa na kitu ila moshi wa mipira.

Na kule mbele, ambako hapakuwa na ng'ombe wala shimo wala mtu, taa zake nyekundu za nyuma zikawaka zote kwa pamoja. Pua ikazama chini. Mkia ukazunguka. Gari likajizungusha mara moja, likatoka kwenye lami na kutumbukia ndani ya vumbi lake.

Vumbi likapanda. Hapakutoka mtu.

Kadra alikimbia, akamwacha mama yake njiani. Ndara moja ilimtoka mlangoni na ya pili njiani. Miiba ya mbugani haina simile, lakini yeye hakuihisi. Alikuwa akisikia maneno yake mwenyewe, siwezi kuzeeka naye, siwezi kuzeeka naye, kila mguu ulipogusa ardhi. Kama ndilo neno la mwisho alilosema juu yake? Kama sasa hivi hakuna tena mtu wa kuzeeka naye? Na Abba, Abba wake, aliyemkatalia kila mposaji kwa kisingizio hiki na kile kwa sababu nyumba ingebaki bila mtoto! Ya Rabbi, alisema, nirudishie wote wawili. Nirudishie wote wawili, nami nitanyamaza maisha yangu yote. Mungu alijua hiyo ahadi haitatimia, lakini alimsikiliza.

Gari lilikuwa limesimama kwenye majani makavu, limetazama lilikotoka. Bampa la mbele lilikuwa limening'inia. Mifuko ya hewa ilikuwa imefutuka ndani, na kupitia vioo vyeusi hakuona ila weupe wake.

Alikwenda upande wa dereva. Aliushika mkono wa mlango kwa mikono miwili, amejiandaa kumvuta Fumo akiwa hai au maiti, akaufungua.

Baba yake alikuwa nyuma ya usukani.

Kofia haiko, ndevu zimejaa ungaunga mweupe, miguu yote miwili bado imekandamiza chini. Akamgeuzia binti yake macho.

“Kadra,” alisema Mzee Dukicha kwa Kiswahili chake cha mnadani. “Hii gari haina klachi.”

“Abba?”

“Mimi tafuta klachi. Nabadilisha gia, natafuta klachi, kumbe iko breki tu.”

Ujanani, kabla hajarudi kwa ng'ombe wake, Mzee Dukicha aliendesha lori la mifugo hadi Mombasa kwa miaka mingi. Miaka yote hiyo mguu wake wa kushoto ulikuwa na kazi moja, na haukuisahau. Gari lilipopiga ukelele wa kutaka gia nyingine, mguu ukaenda wenyewe, ukakanyaga kwa nguvu zote za dereva wa lori. Kwenye gari lile upande huo hakuna kingine cha kukanyaga ila breki.

Fumo alikuwa akitoka upande wa pili. Alikuwa na mkwaruzo juu ya nyusi na ameukumbatia mkono wake wa kulia kifuani. “Mzee, shingo vipi? Usigeuke haraka. Kadra, mshike kiunoni, tumtoe taratibu.”

Wakamtoa, wakamkalisha kwenye majani. Mzee Dukicha alijipapasa magoti, kifua, kichwa. Halafu akaanza kucheka. Kadra hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu msiba, na alishtuka kuliko aliposikia injini. Kikaendelea, kikapanda, na katikati yake kikageuka kilio. Mzee alilia mbele ya binti yake na mbele ya mtu wa Kipini, na hakufunika uso.

“Mukhtar omba mimi,” alisema. “Siku ile. ‘Abba, twende panda mara moja tu, uone.’ Mimi sema iko ng'ombe nataka maji. Ng'ombe! Mimi sema kesho. Sasa kila siku mimi naliuliza, iko nini ndani ya hii kitu, hata mtoto yangu napenda hivi? Nataka jua. Hakuna mtu naweza ambia mimi.”

“Sasa umejua, Abba?” Kadra aliuliza.

Mzee alifuta pua kwa kiganja. “Iko tamu,” alisema. “Iko tamu sana, Kadra.”

Kadra alimshika baba yake mkono.

“Na hii kijana yako,” Mzee aliendelea, akimnyooshea Fumo kidevu, “kichwa ngumu kama punda. Mimi sema, fanya lonchi. Yeye nakataa. Mimi sema, leo mkwe hapana kataliwa. Nakataa. Mimi kasirika, sema, basi beba buni yako, rudi kwenu. Yeye sema nini? ‘Basi nitarudi, Mzee. Nimemwapia Kadra.’ Ndiyo mimi toa yeye kwa kiti, mimi naendesha mwenyewe. Mara ya kwanza naachia breki pole pole kama klachi, gari nakataa. Mara ya pili... umeona. Huyo ndiyo mtu, Kadra. Nenda ambia mama yako kaanga buni.”

Kadra aliuachia mkono wa baba yake.

“Buni hazipo, Abba.”

“Nani nakula?”

“Nimezirudisha.”

Fumo, aliyekuwa ameinama kulitazama bampa, aliinuka.

“Umezirudisha kwa nani?”

“Kwa shangazi. Nilisikia lonchi. Nilidhani...”

“Ulidhani ni mimi.”

“Gari umelileta wewe, vioo ni vyeusi. Ningedhani ni nani?”

“Mimi nilikuwa tayari kukukosa, Kadra,” alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma. “Nilimwambia baba yako uso kwa uso kwamba nitarudi kwetu, kwa sababu ya neno nililokupa wewe. Na wewe hukungoja hata nishuke kwenye gari.”

“Na wewe ukampa usukani! Mzee ambaye hajashika gari miaka yote hii! Ungemuua, ungekufa naye, mimi ningebaki na nani?”

“Hapo nilikosa,” Fumo alisema. “Alikuwa akilitaja jina la Mukhtar huku anatetemeka, nikashindwa. Nilikosa, nami nitalibeba. Lakini mwongo sikuwa.”

“Najua.”

“Hukujua.”

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, mkono ameukumbatia. Kadra alitaka kumkimbilia, lakini baba yake alikuwa amemwegemea begani, na mzee haachwi mbugani. Wakamfuata polepole. Kila alipoutazama ule mgongo mweupe ukitangulia bila kugeuka, alihisi kama ndio unamwondokea kabisa.

Walipofika, Mwanasha alikuwa ameshaketi kwenye gari la Probox alilokuja nalo na wazee wake, mlango umefungwa. Kumbe hata vumbi la mbugani hakuliona likipanda; alikuwa ametuma watu msikitini kuwaita wazee wake waondoke. Alipomwona Fumo na damu yake kwenye nyusi alitoa ukelele, akafungua mlango, akampapasa uso mzima. Fumo akamnong'oneza. Mwanasha akasikiliza, akimtazama Kadra juu ya bega lake.

Mzee Dukicha alijiondoa begani mwa binti yake. Alikwenda akichechemea hadi mlangoni mwa gari, mtu ambaye juzi alisema Waswahili hawajui hata upande wa kumkamulia ng'ombe, akanyoosha mikono miwili.

“Mama,” alisema, “mimi nakuja omba buni.”

Abdia alijifunika mdomo. Baba wa binti haombi, huombwa.

“Mzee,” alisema Mwanasha, “kwenu buni zikirudishwa haziletwi tena. Mmetwambia wenyewe.”

“Yeye haleti. Mimi nakuja chukua.”

Mwanasha alilishika lile fundo la leso. Hakulifungua. “Wewe nimekusikia, na nimekuheshimu. Sasa nataka kumsikia aliyenitilia mapajani. Aliyekuwa na ulimi wa kukataa, na awe na ulimi wa kutaka.”

Siku ya buni binti hukaa ndani, kichwa amekiinamisha, na wengine humsemea. Kadra alisimama katikati ya ua, miguu mitupu ina damu, mtandio umemwanguka shingoni. Alimgeukia Fumo, si shangazi.

“Nilikuhukumu nikiwa mbali,” alisema. “Nilisikia sauti nikatosheka. Fumo, mimi nakupenda hata naogopa. Siwezi kukuapia kwamba sitaogopa tena, nitaogopa kila ukichelewa, kila simu isipopokewa. Lakini naapa mbele ya hawa: nitakuja mpaka mlangoni. Nitaufungua kwa mkono wangu, nione ni nani aliyekaa ndani. Ndipo niseme. Kama hunitaki, niambie sasa, nisikie.”

Kadra aliuona mkono wa Fumo ukivimba, aliyaona macho yake mekundu kwa vumbi, na hakuweza kusoma kitu ndani yake. Hakuwa amewahi kungoja kitu hivyo, hata zile habari za barabara ya Witu.

“Ukiogopa,” Fumo alisema mwishowe, “utaniambia mimi kwanza?”

“Wewe kwanza.”

“Kabla ya shangazi?”

“Kabla ya mtu yeyote.”

“Shangazi,” alisema Fumo, bila kuondoa macho kwa Kadra, “mpe Mzee.”

Fundo lilikuwa gumu. Mwanasha alilifungua kwa meno. Mzee Dukicha alizipokea buni kwa mikono miwili na kuzipeleka jikoni mwenyewe, mahali ambapo hakuwa ameingia tangu ajenge nyumba hiyo. Njiani alimwambia Fumo kwamba huyo tajiri wake apigiwe simu sasa hivi, naye atazungumza naye, kwa kuwa dereva alikuwa ni yeye. Abdia akachochea moto. Samli ikachemka, buni zikaanza kupasuka moja moja, na kila moja ilipopasuka Kadra alishtuka.

Zikapakuliwa kwenye bakuli la mti. Wazee waliotoka msikitini walikwisha kukaa. Kwa ada, punje ya kwanza hutafunwa na kaka wa binti, ndipo wengine wafuate. Watu wa nyumba ile walikuwa wakilikwepa jambo hilo kwa siku nyingi, hakuna aliyethubutu kuuliza itakuwaje. Bakuli likafika mikononi mwa Mzee Dukicha, likasimama hapo.

Alichagua punje moja, akaipuliza ipoe. Akaivuka safu ya wazee wenzake, akaivuka safu ya wageni, akaenda hadi kwa Fumo.

“Hii ya Mukhtar,” alisema. “Tafuna wewe.”

Fumo alimtazama Kadra kwanza. Kadra akaitikia kwa kichwa, na Fumo akatafuna.